Arobaini ya Mama Mkwe

Kambi ya Bwana Hasketi,
Nachingwea,
2 Mei 1951

Mke wangu Mwantumu,

Nakusalimu wewe, na mama yako, na mtoto wetu Rabia. Mwili wangu mzima, ila moyo hauko mahali pake.

Barua ya Baraza la Ruangwa nimeipata. Karani wao anasema nifike Jumatatu tarehe 21, saa tatu asubuhi, Liwali mwenyewe ataniuliza maswali juu ya ile kazi ya kupima ufuta sokoni. Mwambie fundi Bashiri akusomee hapo mara mbili, maana mimi nimepasoma mara kumi. Nikiipata nitalala kwangu na kumwona Rabia akikua. Huku nina miaka miwili sasa nawapimia wenzangu dizeli ya matrekta ya kukatia pori ili zipandwe njugu, na matrekta mengi yamesimama. Kila wiki kundi la watu linapunguzwa. Sitaki kukaa nikingoja zamu yangu.

Lakini, Mwantumu, jambo hili lisitoke nje ya ua wetu. Bwana Hasketi akisikia mtu wake anatafuta kazi kwingine humfukuza siku hiyo hiyo. Unamkumbuka Seleman, yule dereva aliyekuletea kanga zako mwaka jana? Alionekana tu akizungumza na msimamizi wa kampuni nyingine. Haikufika saa sita godoro lake lilikuwa nje, na cheti chake cha kazi kikaandikwa maneno kwa wino mwekundu. Seleman hasomi Kiingereza. Amekwenda na cheti hicho mpaka Lindi, na kila anayekisoma humrudishia bila neno. Hajapata kazi mpaka leo wala hajui kimeandikwa nini. Ninapolala naziona herufi nyekundu, na jina la juu ni langu.

Ukinijibu usitie posta. Mfuko wa kambi hufunguliwa ofisini, na karani hutazama kila bahasha imetoka wapi. Mpe Kipriani, dereva wa lori la misheni ya Mnero, ndiye anayekuletea hii. Usimwambie mtu yeyote.

Mumeo,
Ausi Bakari


Ruangwa,
7 Mei 1951

Baba Rabia,

Salamu zako zimefika, nasi tunakurudishia. Rabia ameota jino la nne na ananing'ata.

Siri yako nimeiweka. Hakuna aliyeisikia isipokuwa mimi, na fundi Bashiri aliyesoma, na mama aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, na mke wa fundi aliyepita kuomba kaa la moto akasahau kuondoka. Ungenioa nikiwa najua kusoma, tungekuwa wawili tu. Mke wa fundi ameapa.

Mama amesema mwanamume anayemwogopa Mzungu kiasi hicho ataiogopa na mizani. Usikasirike, unamjua. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani kwamba nyumba yetu itakuwa na mwanamume ndani, na aliposema hivyo alikuwa anacheka. Jirani hakuambiwa kwa nini.

Nina swali moja linaloninyima raha. Ruhusa utaiombaje? Usiseme unaumwa, watakupeleka kwa daktari wa kambi wakuchome sindano, na hutaletwa huku. Wala usiseme Rabia anaumwa. Sitaki neno hilo juu ya kichwa cha mtoto wangu, hata kwa uongo. Tafuta lingine.

Mkeo,
Mwantumu

Mimi fundi Bashiri niliyeandika. Shemeji, ninashona nguo za watu na kusoma barua za watu mwaka wa kumi na moja huu, na sijawahi kusema ya mtu. Mke wangu nimemwonya.


Nachingwea,
12 Mei 1951

Mwantumu,

Barua hii fundi akusomee mkiwa wawili, na isiwe uani. Fundi, ukifika hapa tazama kwanza nani yuko karibu, halafu endelea kwa sauti ndogo.

Juzi niliingia ofisini kuomba siku mbili. Nilikuwa nimejiandaa kusema nyumba inavuja, nikasema. Bwana akauliza, inavuja nini, mvua si imekwisha? Karani akainua macho kwenye karatasi zake. Nikaona wote wawili wananitazama kama wanajua. Mdomo wangu ukasema peke yake kwamba mama mkwe wangu alifariki mwezi wa nne, na arobaini yake inaangukia Jumapili tarehe 20.

Nimelisema, siwezi kulirudisha. Bwana akaniuliza mbona sikuomba ruhusa ya kuzika. Nikasema sikutaka kuiacha kazi. Akanisifu mbele ya karani, akanipa Jumapili na Jumatatu. Nilitoka pale jasho limelowesha shati mpaka mgongoni.

Mwantumu, hayo ni madogo. Jioni nyapara wetu Saturnini alikuja mlangoni kwangu na watu wa stoo na gereji. Huyu ni Mmakonde, Mkristo, mtu mzito wa maneno, na hana ndugu upande huu kama mimi nisivyokuwa na ndugu. Alikuwa na uchungu kweli. Akasema, "Tunakula sahani moja kila siku, umefiwa, hukutuambia?" Unajua desturi yetu ya kambini, hakuna anayeachiwa msiba peke yake. Mhunzi alipofiwa na kaka yake tulikwenda wote mpaka Marambo. Sasa wanasema mazishi yamewapita, arobaini haitawapita. Saturnini amemwomba Bwana lori, na Bwana amelitoa. Watakuja watu kumi na wawili. Watakula hitima Jumapili, watalala, na watarudi Jumatatu mchana.

Basi Jumatatu saa tatu nitakapokuwa mbele ya Liwali, watu wote wa Bwana Hasketi watakuwa wanazunguka Ruangwa. Na nyumbani watamkuta marehemu anatwanga.

Nakuomba kwa jina la Mungu, umshawishi mama aende kwa mjomba wako Nanganga siku hizo mbili, bila kumwambia sababu. Ninaona haya hata kuandika. Mwanamke aliyenipa nyumba, nimemuua kwa mdomo ili nipate ruhusa.

Ausi


Ruangwa,
16 Mei 1951

Baba Rabia,

Fundi alipofika pale pa sauti ndogo, alipunguza sauti. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua kunde, na aliposikia sauti imepungua akasogea. Amesikia yote. Alimwambia fundi arudie tokea pale mdomo wako uliposema peke yake, na fundi masikini akarudia.

Aliacha kunde, akaingia ndani, akakaa huko kutwa nzima. Mimi nilikaa nje na Rabia. Nyumba hii ni yake, Ausi. Wewe uliingia humu na furushi lako la nguo kama wanaume wote wanaooa kwetu, na akisema utoke utatoka, na sina uwezo wa kusema hapana. Jioni alitoka akamwuliza jirani kama anamwona amekonda. Alikuwa anashika magoti yake, anashika mikono yake. Jirani akasema hajakonda. Akauliza tena. Sijawahi kumwona mama akiogopa kitu, na usiniombe tena nione.

Asubuhi yake akaniita. Alisema hivi, na fundi anaandika kama alivyosema: "Mwambie mkwe wangu kwamba Jumapili hatanikuta. Chakula cha arobaini yangu upike wewe, na usiunguze wali."

Sikujua kama amekubali au amekasirika. Ninamwogopa yeye kuliko unavyomwogopa Bwana wako.

Majirani nimewaambia ni hitima ya wazee wetu wote waliotangulia, basi watakuja kusoma. Uongo wako umeshapata watoto, na ninawalea mimi.

Mwantumu


Nachingwea,
18 Mei 1951

Mwantumu,

Kipriani anangoja, naandika upesi. Wanakuja kweli. Unga, sukari na mchele vimekwisha kupakiwa. Nilijaribu kusema njia ni mbovu, Saturnini akasema atachukua majembe.

Jana aliniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Sikuweza kubuni, nikamweleza kweli. Nilimwambia jinsi nilivyotoka ng'ambo ya Ruvuma sina kitu, na mama akanionyesha sehemu ya kulima kabla hajaniuliza ukoo wangu. Nikalia. Machozi yalikuwa ya kweli na Saturnini akalia na mimi. Sijui nitamtazamaje.

Jumatatu asubuhi nitasema nakwenda kutafuta tumbaku, nipite kwa nyuma mpaka Barazani. Rabia asiachwe karibu na wageni, ameanza kuita "bibi". Mtu mmoja tu akikosea neno nimekwisha, nitakosa kazi ya huku na ya huko. Silali.

Ausi


Nachingwea,
24 Mei 1951

Mke wangu Mwantumu,

Nisamehe kwa kupanda lori bila kukuaga vizuri. Ulinifuata mpaka barabarani ukiniuliza kwa macho, na mimi nikageuka. Sikuweza kusema mbele ya watu.

Jumapili uliona mwenyewe ilivyokwenda. Wali haukuungua. Walisoma, wakala, na Saturnini aliyekuwa hajui dua zetu alivua kofia akainamisha kichwa mpaka mwisho. Nilidhani shida imepita.

Jumatatu niliaga nakwenda kutafuta tumbaku. Watu wa kesi walikuwa wamejaa Barazani, sikumtazama mtu usoni. Nikaenda moja kwa moja kwenye benchi la waliokuja kwa kazi ya mizani. Saturnini alikuwa amekaa pale, kofia mapajani. Karibu yake walikuwa wawili wa gereji. Nao waliaga wanakwenda kutafuta tumbaku, au choo, sijui. Hakuna aliyesalimia. Tulikaa wanne tunatazama vidole vya miguu yetu, na kila mmoja nadhani alikuwa anahesabu nani atamtaja nani kwa Bwana.

Mimi niliitwa kwanza. Liwali alinipa hesabu nikazifanya. Akaniwekea gunia kwenye mizani nikalisoma sawa, mpaka ratili ya mwisho. Akafurahi. Akasema, "Cheti cha unakofanya kazi?" Nikamwambia siwezi kukiomba. Hakukasirika. Alisema wengi hawawezi, basi atatosheka na mdhamini, mtu wa Ruangwa anayejulikana, aseme ananijua na nyumba yangu anaijua. Akauliza, "Unaishi kwa nani?"

Madirisha ya chumba kile yako wazi mbele na nyuma, Mwantumu. Katika lile la mbele niliona bega la Saturnini. Nilikuwa na jina la mama mdomoni. Lakini ningelitaja, Liwali angesema aitwe, na Saturnini angesikia kwamba yule aliyemlilia juu ya sinia ya wali yu hai. Angejua nimemdanganya yeye, na Bwana, na lori zima. Yeye ni nyapara. Neno lake moja tu lingetosha. Nikakiona cheti cha Seleman mbele yangu kama nimekishika.

Nikasema sina mtu Ruangwa.

Liwali akaniuliza, hata mmoja? Nikasema hata mmoja. Akafunga daftari, akaniambia niende salama.

Saturnini hakurudi nasi. Wanasema mkataba wake umekwisha na ana shauri lake Barazani, mimi sikuuliza. Bwana hajui kitu. Karani aliniuliza hitima ilikwendaje, nikasema vizuri. Niko salama, na kila asubuhi naamka nikiogopa vile vile.

Mama amesharudi kutoka Nanganga? Mwambie uongo umekwisha, hatausikia tena.

Mumeo,
Ausi Bakari


Ruangwa,
29 Mei 1951

Mkwe wangu Ausi,

Mimi na wewe hatujasemezana tangu ulipomwoa Mwantumu, kama inavyotakiwa kwa mtu na mkwe wake. Hata leo nasema na fundi Bashiri, na yeye ndiye anayesema nawe. Mwantumu yuko jikoni, nimemwambia asije.

Barua yako nimesomewa. Sikwenda Nanganga. Uliposema umeniua niliogopa siku nzima, sikufichi, nilitazama mikono yangu nikadhani inakufa kweli. Kisha nikafikiri kwamba mtu mwenye hofu husema lolote, na hofu hupita, na mume wa binti yangu akipata kazi ya hapa itakuwa heri kwa wote. Nikamwuliza fundi, Baraza linataka nini kwa mtu asiye na cheti? Fundi akaenda kuuliza, akaniletea jibu kwamba linataka mdhamini mwenyeji.

Jumapili nililala kwa dada yangu Hajira, ng'ambo ya mto. Jumatatu nilifika Barazani kabla yako. Nilikaa ukuta wa nyuma wanakokaa wanawake wenye kesi, nimevaa kaniki mpya. Sikutaka ujue, nilitaka ukiniita nitokee tu. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu. Nilisikia ulivyojibu hesabu, na mwanamke mmoja akaniuliza huyo ni nani anayejibu vizuri hivyo, nikasema ni mkwe wangu.

Liwali alipouliza unaishi kwa nani nilianza kuinuka. Mimi huinuka polepole kwa sababu ya magoti. Nilikuwa nimeshika ukuta, sijasimama sawa, ukasema huna mtu Ruangwa. Nilidhani sikusikia. Akakuuliza tena, na mara ya pili nikasikia. Yule mwanamke akanitazama. Nikakaa chini.

Kufa siku mbili nilikubali, Ausi. Hili la pili sikuwa nimelikubali.

Nikabaki pale sina nguvu ya kuondoka. Baadaye nyapara wako akatoka kwa mlango wa nyuma. Liwali alikuwa amempa mpaka saa sita atafute mdhamini. Alisimama anatazama watu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Akaja akaniuliza mimi ni nani wake Mwantumu, maana sura ni moja. Nikamwambia ni mama yake. Kofia ilikuwa mkononi, akaigeuza geuza. Nilingoja acheke, au akuite kwa sauti uje uaibike mbele ya watu. Akasema tu, "Basi jana tulikulilia, mama." Nikasema nimesikia, ahsanteni.

Hakukutaja hata kidogo. Alichuchumaa mbele yangu akasema yeye pia anamwogopa Bwana huyo huyo, pia hana cheti, na hapa hajui mtu yeyote. Akaniuliza kama naweza kusimama kwa ajili yake.

Nikasimama. Nilikuwa nimekwishakuja. Liwali ananijua tangu ndugu yangu alipokuwa jumbe. Akaniuliza, Sabaha, mtu huyu unamjua tangu lini? Nikasema tangu jana, alikuja na majembe kutengeneza njia ili afike msibani kwetu, na mtu wa hivyo hataiba ufuta wa watu. Liwali akaandika.

Ataanza kupima Jumatatu. Amepanga chumba kwa fundi. Anasema wewe na wale wawili hatawataja kwa mtu, na ninamwamini. Basi Bwana wako hajui na hatajua. Kazi yako unayo, na cheti chako hakina wino mwekundu. Ulichokiogopa hakikukupata.

Mwantumu analia, anadhani nitakufunga mlango. Sikufungi. Mkataba ukiisha urudi, shamba lako nimelipalilia nusu. Lakini siku nyingine mtu akikuuliza unaishi kwa nani, mwambie unaishi kwa Sabaha binti Chilumba.

Alama ya dole gumba la mama mkwe wako.

Imeandikwa na Bashiri, fundi cherehani, kama ilivyosemwa.